Mirihi Ndani ya Chupa

Katikati ya miaka ya 1950, katika kambi ya jeshi la anga la Marekani iitwayo Randolph, nje kidogo ya mji wa San Antonio huko Texas, palikuwa na chupa za kioo zilizoingizwa kwenye friza kila jioni na kutolewa kila asubuhi. Ndani ya chupa mlikuwa na udongo kidogo, na ndani ya udongo mlikuwa na bakteria wa kawaida kabisa. Hewa ilikuwa imenyonywa kwa pampu, kisha ikaingizwa naitrojeni kwa kipimo kidogo, hivi kwamba shinikizo la ndani likabaki sehemu ndogo tu ya lile la nje. Maji yalikuwa haba. Mchana chupa zilikaa kwenye joto la chumbani, usiku zikaganda. Muda uliopangwa ulipotimia zilifunguliwa, udongo ukapandwa kwenye chakula cha bakteria, na wataalamu wakakaa kuhesabu nani amekufa, nani yu hai, na kama wapo walioongezeka.

Chupa zile ziliitwa chupa za Mirihi, na jina hilo likashika hadi nje ya kambi. Swali lililozizaa lilikuwa fupi: ikiwa Mirihi iko kama tunavyoidhania, je, kiumbe wa Duniani aweza kuishi huko? Majibu ya mwanzo yalitia moyo. Bakteria wengi walikufa, lakini baadhi walistahimili, hasa wale wanaojifungia ndani ya spora ngumu hali inapokuwa mbaya, na wale wasiohitaji oksijeni.

Neno la kuangaliwa katika swali lile ni “tunavyoidhania”. Kila chupa, na baadaye kila tangi la chuma lililochukua nafasi yake, lilibeba Mirihi ya wakati wake: sayari kama ilivyokuwa vichwani mwa watu mwaka ule, pamoja na makosa yao. Ndiyo maana historia ya vyombo hivi inastahili kusimuliwa polepole. Ni historia ya watu waliojitengenezea sayari nzima mezani, wakaiona ikibomolewa na habari mpya, wakaitengeneza tena.

Tuanze na kile walichokijua. Kwa miongo mingi wanafalaki walikuwa wameona kwa darubini kwamba Mirihi ina vifuniko vyeupe kwenye ncha zake, na kwamba mabaka yake meusi hukolea na kufifia kwa kufuata majira. Wengi walisema ni mimea inayochipua na kunyauka. Mwaka 1956, Mirihi ilipoikaribia Dunia, mwanafalaki Mmarekani William Sinton aliupima mwanga wake wa infraredi, akakuta alama zilizofanana na zile zinazotokana na kaboni iliyoungana na haidrojeni, kama ilivyo ndani ya majani. Mwaka 1958 alirudia vipimo kwa darubini kubwa ya Palomar, California, na alama zikaonekana tena.

Kuhusu hewa, kilichokuwa kimethibitishwa ni kaboni dayoksaidi, iliyogunduliwa mwaka 1947 na Gerard Kuiper. Naitrojeni ilikuwa kisio tu. Gesi hiyo haiachi alama rahisi kuonekana kwa darubini, na kwa kuwa ndiyo iliyojaa katika hewa yetu, watu waliona ni haki kuijaza Mirihi nayo. Shinikizo la hewa lilikadiriwa na Mfaransa Gérard de Vaucouleurs kuwa milibari 85 hivi, kutokana na jinsi mwanga wa Jua ulivyotawanyika. Kwenye usawa wa bahari hapa Duniani ni milibari 1,013, na kileleni mwa Everest ni kama theluthi ya hiyo. Milibari 85 ni hewa nyembamba mno kwa mtu, lakini kwa bakteria haitishi sana.

Hizo ndizo namba zilizoingia ndani ya chupa za Texas: naitrojeni, milibari 85, baridi ya usiku, unyevu kidogo.

Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Hubertus Strughold, daktari Mjerumani. Mwaka 1949 kitengo cha tiba ya anga za juu kilipofunguliwa pale Randolph, yeye ndiye aliyekabidhiwa, na mwaka 1953 alichapisha kitabu kizima kuhusu uwezekano wa uhai kwenye Mirihi. Hapa lazima msimulizi asimame kidogo. Strughold aliletwa Marekani baada ya vita katika mpango wa serikali wa kuwachukua wanasayansi wa Ujerumani ya Hitler. Wakati wa vita alikuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa tiba ya urubani ya jeshi la anga mjini Berlin. Mwaka 1942, katika kambi ya mateso ya Dachau, wafungwa waliingizwa kwa nguvu ndani ya chumba cha shinikizo dogo ili ionekane mwili wa binadamu unafikia wapi kabla ya kufa, na wengi wakafa. Oktoba mwaka huohuo Strughold alihudhuria mkutano mjini Nuremberg ambako majaribio mengine ya Dachau, ya kuwagandisha watu kwenye maji baridi, yalizungumzwa. Mwaka 1943, ndani ya taasisi yake mwenyewe, watoto sita wenye kifafa waliwekwa kwenye chumba cha shinikizo dogo.

Hakufikishwa mahakamani. Alikufa mwaka 1986 akiwa anaheshimiwa, akiitwa baba wa tiba ya anga za juu. Baadaye nyaraka zilipofunguliwa, jina lake liliondolewa kwenye maktaba iliyopewa heshima hiyo, picha yake ikatolewa kwenye mchoro wa ukutani wa chuo kikuu cha Ohio State, na mwaka 2013 tuzo iliyokuwa ikitolewa kwa jina lake ikakomeshwa. Ilikuwa haki kufanya hivyo. Sayansi ya kuiga mazingira ya sayari nyingine ilizaliwa kwa sehemu kutokana na pampu na matangi ya tiba ya urubani, na baadhi ya matangi hayo yalikuwa yameingiziwa watu. Anayeisimulia historia hii bila kulitaja hilo anaipunguza.

Chupa zenyewe zilisafiri. Mapema miaka ya 1960 mwanafalaki kijana Carl Sagan na wenzake walitengeneza zao, wakatia udongo wa sehemu mbalimbali, wakakuta kwamba kila sampuli ilikuwa na angalau vijidudu vichache vilivyovumilia. Kwao hilo halikuwa swali la uhai wa Mirihi peke yake. Joshua Lederberg, mtaalamu wa jenetiki aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1958, alikuwa akionya kwamba chombo kichafu kikitua Mirihi kitapanda huko bakteria wetu, na baada ya hapo hakuna atakayeweza kujua kama kiumbe aliyeonekana ni mwenyeji au ni mgeni tuliyempeleka wenyewe. Kama vijidudu vinapona ndani ya chupa, basi onyo lile lilikuwa na uzito. Ndiyo sababu vyombo viwili vya Viking vilivyotua Mirihi baadaye vilipikwa vizima kwa joto la zaidi ya nyuzi 110 za Selsiasi kwa saa nyingi kabla ya kurushwa.

Kisha ikaja siku iliyozivunja chupa zote. Tarehe 14 Julai 1965, chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi. Dunia nzima inazikumbuka picha zake 22, zilizoonesha nchi kavu yenye mashimo kama ya Mwezi. Lakini kilichowahusu zaidi watu wa maabara hakikuwa picha. Mariner 4 ilipopita nyuma ya sayari, mawimbi yake ya redio yalipenya hewa ya Mirihi kabla ya kukatika, na hewa ikayapinda kidogo. Kwa kiasi cha kupinda huko wataalamu walikokotoa shinikizo: milibari nne hadi saba. Siyo 85. Na ili hesabu zikubaliane na vipimo vya darubini, ilibidi karibu hewa yote iwe kaboni dayoksaidi. Naitrojeni ya chupa za Texas haikuwako ila kwa kiasi kidogo sana. De Vaucouleurs alikuwa amedanganywa na vumbi lililoelea, nalo pia hutawanya mwanga.

Mwaka huohuo alama za Sinton nazo zikapata maelezo. Zilitokana na mvuke wa maji mazito, yale ambayo haidrojeni yake moja ina uzito maradufu, na mvuke huo ulikuwa katika hewa ya Dunia, juu ya darubini yenyewe. Sinton alikuwa mmoja wa watatu walioandika makala ya kueleza hivyo. Ninamheshimu kwa hilo.

Tofauti kati ya milibari 85 na milibari sita si ya namba tu. Chukua kisahani cha maji, kiweke chini ya kuba la kioo, kisha nyonya hewa kwa pampu. Kwa muda hakuna kinachoonekana. Shinikizo likizidi kushuka, maji yanaanza kutoa mapovu, kisha yanachemka kwa fujo, ingawa ukiyagusa ni ya baridi. Kuchemka huko kunayanyang’anya joto, yanazidi kupoa, na ghafla utando wa barafu unatanda juu yake huku mapovu yakiendelea kupasuka chini. Hapo umefika karibu na milibari sita, mpaka ambapo maji, barafu na mvuke hukaa pamoja kwenye nyuzi sifuri. Chini ya mpaka huo maji safi hayawezi kukaa kama maji: barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Uso wa Mirihi uko palepale mpakani, na sehemu zake za juu ziko chini yake. Bakteria wa Texas walikuwa na unyevu kwa sababu chupa ilizibwa. Maji yalipogeuka mvuke hayakuwa na pa kwenda. Kwenye Mirihi yangetoweka.

Kulikuwa na kasoro ya pili, nayo ilikuwa kwenye kioo. Mirihi haina tabaka nene la ozoni, hivyo miale ya Jua ya urujuanimno, ile mikali inayovunja vinasaba, inafika hadi chini. Kioo cha kawaida huizuia miale hiyo. Kwa hiyo chupa ya Mirihi, hata ikiachwa juani mchana kutwa, ilikuwa ikiwakinga wakazi wake dhidi ya adui mkubwa kuliko baridi na ukavu.

Nimekumbuka jaribio lingine maarufu ambalo kioo kilihusika. Mwaka 1952, katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi Stanley Miller, chini ya profesa wake Harold Urey, alijaza methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji ndani ya vyombo vya kioo vilivyounganishwa kwa mirija, akapitisha cheche za umeme kuwa mfano wa radi za Dunia changa. Baada ya wiki moja maji yalikuwa yamegeuka rangi na ndani yake mlikuwa na asidi amino, vijenzi vya protini. Matokeo yalitangazwa mwaka 1953 na yamo katika vitabu vya shule hadi leo. Mwaka 2021 watafiti wa Hispania na Italia walirudia jaribio hilo ndani ya chombo cha teflon na ndani ya chombo cha kioo, wakakuta kwamba kile cha kioo kinazaa kemikali nyingi zaidi na za aina nyingi zaidi. Mchanganyiko ule wenye amonia ulikuwa ukikwangua ukuta wa kioo, na kioo kikawa mshiriki katika kupika. Kwa miaka karibu 70 ukuta ulikuwa umehesabiwa kuwa mtazamaji.

Turudi Mirihi. Baada ya Mariner 4 aliyeisukuma kazi mbele kwa ukali alikuwa Norman Horowitz, mwanabiolojia wa taasisi ya Caltech aliyefanya kazi na maabara ya JPL huko California. Alishikilia kwamba Mirihi ni kavu kupita kiasi, na kwamba majaribio yanayotia maji kwa ukarimu hayaigi Mirihi bali yanaiga matamanio ya mwenye jaribio. Alikuwa akitengeneza mtambo mmoja wa kutafuta uhai ambao ungebebwa na Viking: udongo wa Mirihi ungewekwa pamoja na kaboni dayoksaidi na kaboni monoksaidi zenye mnururisho, ukamulikwa kwa taa ya mfano wa Jua, kisha ingetazamwa kama kuna kiumbe aliyekula kaboni ile na kuifanya mwili wake. Lilikuwa wazo zuri. Lakini kabla ya kuliamini, yeye na wenzake Jerry Hubbard na James Hardy walilijaribu kwenye udongo usio na uhai wowote, ndani ya hewa ya Mirihi ya kuigiza, chini ya taa yenye urujuanimno. Wakakuta kwamba udongo mfu, ukisaidiwa na miale hiyo, unatengeneza kemikali za kaboni peke yake. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1971.

Fikiria kama jaribio hilo lisingefanyika. Viking ingetua, taa ingewaka, kemikali zingejitokeza, na dunia nzima ingetangaziwa kwamba uhai umepatikana. Badala yake waliiwekea taa ya Viking kichujio cha kuondoa miale mikali. Sidhani katika historia yote hii kuna kazi iliyofanywa kwa uaminifu kuliko hiyo: mtu anakitafuta kitu kwa moyo wake wote, na anaanza kwa kuuziba mlango ambao kitu cha uongo kingeingilia.

Wakati huo baadhi ya watafiti walikuwa wametoka maabara na kwenda mahali ambapo Dunia yenyewe inakaribia kuwa Mirihi: mabonde makavu ya Antaktika. Horowitz na wenzake walisema baadhi ya udongo wa huko hauna uhai kabisa. Wolf Vishniac, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Rochester, hakukubali. Mtambo wake wa kutafuta vijidudu ulikuwa umeondolewa kwenye Viking ili kupunguza gharama, naye akaenda Antaktika kuonesha kwamba vijidudu vipo. Desemba 1973 aliteleza kwenye mteremko wa milima ya Asgard, akafa. Alikuwa amekusanya mawe, na mjane wake, Helen, aliyapeleka kwa Imre Friedmann, mtafiti aliyekuwa akichunguza viumbe waishio ndani ya miamba. Friedmann alipoyapasua alikuta milimita chache chini ya uso wa jiwe mstari wa kijani: vijidudu hai, vimejificha ndani ya vinyweleo vya mwamba, mahali ambapo mwanga unafika kidogo na unyevu wa theluji unadumu. Makala yake ilitoka mwaka 1976, mwaka uleule Viking ilipotua.

Viking 1 ilitua tarehe 20 Julai 1976 na Viking 2 tarehe 3 Septemba. Jaribio la Gilbert Levin na Patricia Straat ndilo lililoleta kishindo. Udongo wa Mirihi ulitiwa tone la chakula chenye kaboni ya mnururisho, na gesi yenye mnururisho ikapanda mara moja, kana kwamba kuna mlaji. Udongo mwingine ulipokaangwa kwanza kwa nyuzi 160 kwa saa tatu, gesi haikupanda. Kwa masharti waliyokuwa wamejiwekea kabla ya safari, hayo yalikuwa majibu ya uhai. Lakini mtambo wa Klaus Biemann, uliokuwa ukipasha udongo hadi nyuzi 500 kutafuta kemikali za kaboni, haukukuta kitu ila mabaki kidogo ya kloromethani na dikloromethani, yakadhaniwa kuwa uchafu wa dawa za kusafishia vyombo zilizotoka navyo Duniani. Uhai tunaoujua hauwezekani bila kaboni. Wengi wakahitimisha kwamba gesi ilitokana na kemikali kali iliyomo udongoni, wasijue ni ipi. Levin hakukubali hadi alipofariki mwaka 2021.

Kwa zaidi ya miaka 30 swali hilo lilibaki mezani. Kisha tarehe 25 Mei 2008 chombo cha Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi, kikachanganya udongo na maji ndani ya vikombe vyake vidogo, na kikakuta perkloreti, chumvi ya klorini na oksijeni, kwa kiasi cha karibu nusu asilimia. Hakuna chupa hata moja ya Mirihi iliyokuwa imetiwa chumvi hiyo, kwa kuwa hakuna aliyeifikiria.

Rafael Navarro-González wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico aliona maana yake upesi. Alichukua udongo wa jangwa la Atacama huko Chile, wenye kaboni kidogo sana, akauchanganya na perkloreti, akaupasha moto kama Viking ilivyofanya. Perkloreti ikipata moto hutoa oksijeni na kuunguza kilicho karibu nayo. Kaboni karibu yote iliteketea, na kilichobaki ni kloromethani na dikloromethani: vitu vilevile ambavyo mwaka 1976 viliitwa uchafu. Aliyachapisha hayo mwaka 2010. Biemann alipinga, na mabishano yao hayakuwa madogo. Lakini chombo cha Curiosity, ambacho Navarro-González alikuwa mmoja wa watafiti wake, kilikuja kuthibitisha mwaka 2015 na 2018 kwamba kaboni ya asili ya Mirihi ipo kweli ndani ya matope ya kale yaliyogeuka mwamba katika bonde la Gale. Navarro-González alifariki kwa UVIKO-19 Januari 2021, na wenzake wakaupa mlima mmoja wa bonde hilo jina lake.

Gesi ya Levin nayo ilipata maelezo maabara. Mwaka 2013 Richard Quinn na wenzake waliipiga perkloreti kwa mionzi ya gama, ikiwa mfano wa mionzi inayoishukia Mirihi kutoka angani miaka nenda miaka rudi. Perkloreti ilivunjika ikazaa kemikali kali zaidi, na hizo zilipokutana na chakula cha Levin zilitoa gesi kwa namna iliyofanana na ile ya Viking. Mwaka 2017 huko Edinburgh, Jennifer Wadsworth na Charles Cockell walikuta kwamba perkloreti ikimulikwa na urujuanimno kama wa Mirihi inawaua bakteria ndani ya dakika chache, upesi kuliko miale ikiwa peke yake.

Leo chupa za kioo zimebaki kwenye picha. Katika kituo cha astrobiolojia cha Torrejón de Ardoz, karibu na Madrid, na katika taasisi ya anga ya Ujerumani mjini Cologne, kinachotumika ni matangi ya chuma cha pua yenye madirisha ya kwatzi, ambayo huruhusu urujuanimno kupita. Nje ya dirisha kuna taa ya zenoni. Chini ya sampuli hupitishwa naitrojeni ya maji kuleta baridi, na gesi huingizwa kutoka kwenye mitungi ikiwa imeshachanganywa, kaboni dayoksaidi kama asilimia 95. Vijidudu vilipopelekwa kwenye kituo cha anga za juu mwaka 2008 na kuwekwa nje kwa mwaka mmoja na nusu, mapacha wao walibaki Cologne ndani ya tangi, wakipewa ombwe, joto na miale kwa kufuata yanayowapata wenzao juu, ili tofauti zionekane. Hata hivyo tangi halina mvuto wa Mirihi, ulio asilimia 38 tu ya wetu, wala haliwezi kutoa miaka milioni.

Matokeo ya vyombo hivi vipya ni ya uangalifu zaidi. Spora za bakteria zikiachwa wazi chini ya urujuanimno wa Mirihi hufa kwa dakika, lakini vumbi jembamba likizifunika nyingi hupona. Laikeni wa Antaktika, ule ukoga unaoshika juu ya mawe, alikaa siku 34 ndani ya tangi mjini Berlin, na alipowekwa ndani ya nyufa zenye kivuli aliendelea kutengeneza chakula kwa mwanga. Mwaka 2013 Wayne Nicholson wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walichukua udongo wa Siberia ulioganda tangu kale, wakaweka vijidudu vyake kwenye milibari saba, nyuzi sifuri, ndani ya kaboni dayoksaidi, kwa siku 30. Kati ya maelfu, walipata sita waliokua, wote wa jenasi moja ya bakteria iitwayo Carnobacterium. Lakini walikuwa wamewekwa juu ya chakula kinono chenye maji, na gizani.

Basi, msomaji, utakapokuta gazetini kwamba kiumbe fulani “ameishi katika hali ya Mirihi”, uliza kwanza: shinikizo lilikuwa milibari ngapi? Urujuanimno uliwashwa? Perkloreti ilitiwa? Maji yaliachwa yatoroke, au yalizibiwa ndani? Na zaidi ya yote, je, alizaliana, au alilala tu akisubiri kutolewa? Katika majaribio yote niliyoyataja hapa, hakuna hata moja ambalo kiumbe wa Dunia alizaliana huku hali hizo zote zikimkabili kwa pamoja.